Siku Niliyoitikia Yowe la Wameksiko

Harufu ya dawa ya kung'arishia shaba naijua kuliko wengi. Nimesugua vitasa vya milango na vyuma vya ngazi katika majumba mengi ya mji huu wa Stockholm. Nilianzia kitongoji cha Rissne kwa ndoo ya kuazima, mpaka nikawa na kampuni yangu na watu wangu wa kuwatuma. Kwa hiyo majira haya ya joto, mjukuu wangu Limi aliponitoa nyumbani kwangu Hallunda kwa treni ya chini ya ardhi akanipeleka mjini, kwenye bustani wanakopiga muziki wa bure, pua yangu ilitangulia. Wapiga tarumbeta walipita karibu na benchi letu wakielekea jukwaani. Kofia pana kama ungo, koti fupi, suruali ya kubana yenye vifungo vya fedha pembeni kuanzia kiunoni mpaka kisiginoni. Nikanusa ile dawa. Nikasema, "Hawa ni Wameksiko."

Limi akacheka. Yeye hunijibu Kiswidi, nami namwandika hapa kwa Kiswahili maana ni mjukuu wangu. "Bibi, umewajuaje? Kwenye filamu?"

"Mimi na filamu wapi na wapi. Niliwaona Mwanza."

"Mwanza kuna Wameksiko?"

"Walikuja, wakapiga, wakaondoka. Tazama mbele."

Wakaanza. Ilikuwa jioni, lakini jioni ya huku, jua limekataa kushuka, watu wamelala kwenye majani kama wamechoka kuishi, wanalamba aiskrimu. Katikati ya wimbo wa pili mwimbaji akatupa kichwa nyuma akatoa ile sauti yao. Inaanzia juu kabisa, nyembamba, inavunjika ikishuka, na mwisho wake huwezi kujua ni kicheko au ni kilio. Basi mwili wangu ukasimama. Sikuuamuru. Nilijikuta nipo wima, kiganja mdomoni, kifua kimejaa pumzi.

"Bibi! Kaa chini, watu wanatutazama."

"Waache watazame."

"Ulitaka kufanya nini?"

"Kuitikia."

"Kuitikia nini? Ni wimbo tu!"

Nikakaa. Sikumweleza pale, kwa sababu mambo mengine humwelezi mtu anayekula aiskrimu. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokulia mahali ambapo sauti ya jirani ilikuwa sheria.

Kwetu Usukumani yowe la hatari tunaliita mwano. Si kelele ya kupiga ovyo. Mtu akivamiwa, ng'ombe wakiibwa, nyumba ikishika moto, anapiga mwano, na kila anayelisikia anatakiwa mambo mawili: alipige na yeye ili walio mbali zaidi wapate, halafu akimbie kule lilikotoka na chochote alichoshika mkononi. Huulizi ni nani. Huulizi mna ugomvi au mmepatana. Mimi nilifundishwa kupiga mwano kabla ya kufundishwa kuhesabu, na darasani sikukaa sana, kwa hiyo mwano naujua vizuri zaidi.

Asiyeitikia anatengwa. Wenzangu mliotoka kwingine huenda mkadhani kutengwa ni kununiwa. Hapana. Ukitengwa hakuna anayekusalimu, na wewe ukisalimu salamu yako inaanguka chini kama jiwe. Moto wako ukizimika hupewi kaa. Kisimani wanakupisha, wanakusubiri uondoke. Ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Mkeo akishikwa na uchungu hakuna mwanamke atakayekanyaga uwanja wako.

Sisi tulitengwa.

Nyumba ya Mzee Maganga ndiyo iliyoungua, mchana, wakati wa kiangazi. Baba yangu, Ngassa, alikuwa shambani aking'oa mabua ya pamba. Kijiji kizima kilipita njia iliyo nyuma ya shamba letu, wanaume kwa wanawake, mwano unapokezana kilima hadi kilima, na baba ameinama, anang'oa. Waliompita walimwona. Nyumba iliisha, ghala likaisha na mtama ndani. Jioni wazee walimwekea baba kikao. Mimi nilikuwepo, nimeshika nguo ya mama. Mkuu wa vijana akamsogelea akamuuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ngassa, mwano ulilia. Ulikuwa wapi?"

Baba akajibu, "Nilikuwa na kazi yangu."

Basi. Wakampa njia ya kutokea, kama desturi ilivyo: achinje dume, kijiji kizima kile nyama, yaishe. Akakataa. Akasema ng'ombe wake hawajamkosea mtu.

Mimi niliamini baba ni mwoga, au ana roho mbaya, kimojawapo. Wote waliamini hivyo, na mtoto ni nani aamini tofauti? Watoto wenzangu walipata mchezo. Nikipita na mtungi wangu, wanainuka wote, wanageuza migongo, halafu mmoja anaimba, "Kabula, na wewe una kazi yako?" Wengine wanaitikia, "Anayo! Anayo!" Aliyekuwa anaanzisha ni Nkwimba, tuliyekuwa tunalala kwenye ngozi moja. Nilimpiga mara moja. Haikusaidia. Uliyetengwa ukimpiga mtu, harudishi hata kofi. Anajipangusa vumbi, anaondoka.

Mama alikuwa na mimba. Hilo ndilo lililokuwa linatuminya, hata kama hakuna aliyelitaja. Kabla yangu alikuwa amezaa mtoto aliyetanguliza miguu, na wanawake wa kijiji wote walikuwa ndani wakisaidia, na bado mtoto alikufa na mama akaponea chupuchupu. Sasa tumbo lilikuwa limeshuka, na katika uwanja wetu mlikuwa na baba, mimi, na kuku.

Lazima niwaambie baba alikuwa nani. Alikuwa malenga. Baada ya mavuno, ngoma mbili zinasimama uwanja mmoja, kila moja na watu wake, na yule anayevuta umati ndiye mshindi. Baba alikuwa anatunga usiku, asubuhi anaimba, na akiona wapinzani wamemrushia fumbo analijibu papo hapo, umati unahama kwao unakuja kwake kama maji yanavyofuata mteremko. Watu walitembea kutoka mbali kuja kumsikia akitukana kwa adabu. Halafu akaugua homa kali, akachomwa sindano za kwinini nyingi, akapona. Msimu uliofuata hakuimba. Alisema kifua kinambana. Tukakubali.

Ila tangu homa ile alikuwa msemaji kupita kiasi. Nyumbani alisema yeye, akajibu yeye, akacheka yeye. Akikutana na mtu njiani anawahi kumsalimu, na salamu zetu Wasukuma mnazijua, ndefu, lakini kila mtu anajua kipande kinachofuata, kwa hiyo anazimaliza zote bila kukwama. Mtu akija nyumbani, mama ndiye anayetoka nje kwanza. Mimi nikaona baba amekuwa na majivuno. Mtoto anaona kila kitu na haelewi hata kimoja.

Siku moja baba akasema anakwenda Mwanza kuonyesha mgongo hospitalini. Mama akasema, "Nenda na Kabula." Baba alikuwa anatazama pembeni, hakujibu. Mama akamgusa bega, akanisonta, akasema tena, "Nenda na huyu."

"Wa nini?"

"Wa kukushikia chakula."

Tulipanda lori lililobeba pamba kwenda kiwandani, juu kabisa ya magunia, pamoja na mbuzi wa dereva. Ni siku ya kwanza baada ya wiki nyingi watu kunisalimu. Watu wa lorini hawakutujua. Mama mmoja alinipa kipande cha kiazi akaniuliza, "Unaitwa nani, mwanangu?" Nikamwambia jina langu, halafu la baba, la babu, la ukoo, na majina ya ng'ombe watatu. Yule mama akasema, "Huyu hajaongea na mtu tangu azaliwe."

Hospitalini baba aliingia peke yake. Mimi nikabaki kwenye baraza, chini ya dirisha, nikapanda juu ya ndoo nikachungulia. Daktari alikuwa na uma wa chuma wenye meno mawili, unang'aa sana. Anaugonga gotini pake, anampelekea baba karibu na shavu. Baba anatikisa kichwa. Anaugonga tena, anampelekea shavu la upande wa pili. Baba anatikisa kichwa. Nikasema moyoni, huyu daktari anamuuzia uma, na baba yangu kama kawaida yake anakataa. Nikamuonea huruma daktari. Mwishowe daktari akaweka uma mezani, akamshika baba mkono, wakakaa hivyo hivyo. Baba alipotoka aliniambia, "Wamesema mgongo hauna dawa. Twende."

Barabarani tukakuta gari la wazi linapita polepole, lina kipaza sauti. Kipaza sauti kinatangaza kwamba wageni kutoka nchi rafiki ya Meksiko watapiga muziki ukumbini, hakuna kiingilio, wananchi wote karibuni. Nyuma ya gari amesimama mtu mwenye kofia kubwa kuliko nilizowahi kuona, amevimbisha mashavu, anapuliza tarumbeta inayometameta. Mishipa ya shingo imemtoka. Baba alisimama katikati ya barabara akamtazama mpaka gari likakata kona.

"Yule anapuliza kwa nguvu?" akaniuliza.

Swali la ajabu. "Kwa nguvu sana, baba."

"Twende tukaone."

Ukumbi ulikuwa umejaa na ulinuka nta ya sakafu, jasho, na mafuta ya nywele. Wakubwa walikaa kwenye viti vya mbele. Mbele ya wakubwa, sakafuni, chini kabisa ya jukwaa, walikaa watoto wa shule. Baba akanishika mkono tukapita katikati ya viti vya wakubwa tukaenda kukaa na watoto, yeye na rungu lake na blanketi lake la begani, mgongo ameuegemeza kwenye mbao za jukwaa. Kijana msimamizi, aliyefunga kitambaa mkononi, akaja mbio.

"Mzee, hapa ni pa watoto wa shule."

"Hatujambo," baba akamjibu. "Nyumbani wazima."

"Nasema hapa ni pa wanafunzi!"

"Mvua bado. Tunaisubiri."

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Mkubwa mmoja aliyekuwa nyuma yetu akasema, "Muache mzee, bwana, amekushinda kwa maneno." Na mimi nikaamini hivyo hivyo, kwamba baba amemchezea shere yule kijana kama alivyokuwa akiwafanyia malenga wenzake zamani. Nikakaa nimejidai.

Wakatoka. Walikuwa wengi, wote wamevaa sawa, weusi na fedha. Wengine fidla, wengine magitaa madogo, wawili tarumbeta. Mmoja mnene alikuwa na gitaa lenye kitambi kama chake. Hawakusoma karatasi yoyote, hawakuongozwa na mtu, wanatazamana tu wanajua. Wakapiga. Jamani. Tarumbeta mbili zilipotoka pamoja nilihisi meno yangu yanawasha. Fidla zikaja chini yake, halafu lile gitaa la kitambi likawa linatembea, dum, dum, kama mtu mzito anayepanda ngazi. Wimbo wenyewe sikujua unasema nini. Niliona tu mwimbaji analalamika na hapohapo anatamba, na hilo nililielewa, ndivyo baba alivyokuwa anaimba.

Nikamtazama baba. Alikuwa amejigeuza, anatazama juu jukwaani, na kiganja chake cha kulia amekilaza juu ya ubao wa jukwaa, vidole vimetanuka, kama mtu anayempima mtoto homa. Alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kuona tabasamu lile tangu homa.

Ndipo mwimbaji akatupa kichwa nyuma akalia.

Mimi sikujua ni sehemu ya wimbo. Ningejulia wapi? Nilichosikia ni mtu mzima, mbele ya watu, anapiga yowe, na yowe linavunjika kwa uchungu. Kwangu maana yake ilikuwa moja. Kuna nyumba inaungua. Na mwenzake wa fidla akalipokea, akalia na yeye! Yaani mwano tayari unapokezwa, na ukumbi mzima umekaa, watu wanatabasamu, hakuna anayenyanyuka. Nikawaza, mji huu wote utatengwa. Nikawaza, mimi siwezi kuwa mtu wa kazi yangu mara ya pili.

Nikasimama, nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga mwano.

Nilikuwa na mapafu. Mwano wangu ulipanda mpaka kwenye mabati, ukarudi. Fidla zikayumba. Ukumbi mzima ukageuka, wakubwa kwa wadogo, vichwa vyote vikageukia kwangu kama nyasi upepo ukipita. Halafu kicheko kikubwa, watu wanapiga makofi, wanagonga viti. Mwimbaji akanitazama chini, akavua kofia yake, akalia tena, safari hii kwangu mimi. Nami nikamjibu. Akalia, nikajibu. Watu wakawa kama wamepandwa na pepo. Nilikuwa natazama huku na huku natafuta moshi. Vichwa vyote vya ukumbi vilikuwa vimenigeukia isipokuwa kimoja.

Baba alikuwa ameketi pembeni yangu kabisa, bega lake limegusa goti langu. Anatazama jukwaa. Kiganja kwenye ubao. Anatabasamu.

Nikajua. Sikufikiri. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa chumba ambacho nimelala ndani yake muda wote. Uma wa daktari. Mvua bado, tunaisubiri. Mama anagusa bega. Mabua ya pamba. Nikabaki nimesimama na mkono mdomoni, yowe limeisha.

Baba akaona mwimbaji anatazama kitu pembeni yake, akageuka kufuata macho ya watu, akanikuta mimi. Akaona kiganja mdomoni. Mwano hata kwa macho unatambulika. Uso wake ukawa uso wa mtu aliyekutwa anaoga.

Tulitoka kabla haijaisha. Nje, ukutani kwa ukumbi, akanisimamisha uso kwa uso, na mara ya kwanza nikaona kwamba hanitazami machoni. Ananitazama mdomo.

"Umejua," akasema.

"Husikii, baba."

"Nasikia ya chini." Akaweka kiganja ukutani. "Lile gitaa kubwa nimelisikia. Tarumbeta sikuzisikia hata moja. Nilidhani zikiwa karibu nitazisikia."

"Basi tuwaambie watu nyumbani."

"Nikishawaambia nitakuwa nani?"

"Kiziwi."

"Na sasa hivi mimi ni nani?"

Nilifikiri kidogo, maana nilitaka kusema kweli. "Mtu mbaya."

"Mtu mbaya anaogopwa," akasema. "Malenga kiziwi anachekwa. Nimewaimba watu hawa miaka yote, Kabula. Kila niliyemcheka ananisubiri."

"Na mama je? Nani atamsaidia kuzaa?"

Akageuza uso upande wa ziwa. Kiziwi akigeuza uso, mazungumzo yamekwisha. Hakuna namna ya kumfuata.

Mimi sasa masikio yangu yamefuata njia ileile, kwa uzee tu. Nilipopimwa hospitali ya Flemingsberg, yule binti wa vipimo aliniambia kwa upole na aibu, anaona kama ananipa habari ya msiba. Nikamwambia, sema kwa sauti, binti yangu, na nipe hivyo vidude nivivae leo leo. Nimevaa. Wafanyakazi wangu nimewaambia wote: mkiniongelesha kutoka nyuma msinilaumu. Wapo wanaume wa rika langu hapa mjini, nawajua, wanakaa kwenye sherehe wanacheka pale wengine wanapocheka, hawajasikia kitu. Nawatambua haraka sana. Siwasemi. Lakini siwaonei huruma.

Tuliporudi kijijini nilimwambia mama usiku huohuo. Alikuwa ananisuka.

"Najua," akasema. "Nimejua tangu homa."

"Kwa nini husemi?"

"Mume ni nguo yangu. Nikimvua yeye, na mimi nabaki uchi."

"Utakufa, mama."

"Tuliza kichwa, unatikisika."

Hayo ndiyo majibu niliyopata kwa watu wazima wawili. Niliwaheshimu wote wawili na niliona wote wawili ni wajinga, na sijabadili mawazo.

Uchungu ulimshika mama asubuhi, jua limeshachomoza. Baba alikuwa uwanjani nyuma ya nyumba, ametugeuzia mgongo, anapasua gogo la mkwaju la kuni za uzazi. Mama alikuwa ameshika nguzo, amefumba macho, ananiambia nichemshe maji. Nilichungulia, nikaona anavuja damu kabla ya wakati wake. Sikuchemsha maji. Nilitoka nikapita nyuma ya baba, nikapanda kichuguu kilicho mpakani mwa uwanja, nikapiga mwano.

Nilipiga kama Mwanza. Nilipiga nikasikia mlima wa pili umeupokea, na wa tatu. Maana sheria ni sheria, mwano haubagui. Uliyetengwa ukipiga, wanakuja. Walikuja. Walikuja na majembe, na marungu, na mmoja na mwiko wa ugali, wanaruka ua wetu ambao tangu kiangazi hakuna aliyekuwa ameugusa. Nikawaonyesha wanawake mlango. Wakaingia wote, mama yake Nkwimba akiwa wa kwanza, anafunga khanga kiunoni huku anapiga kelele, "Maji ya moto yako wapi? Nyumba gani hii haina maji ya moto?"

Wanaume wakabaki uwanjani. Na wote wakawa wanatazama kitu kimoja.

Baba alikuwa anapasua gogo. Shoka linapanda, linashuka. Mwano umelia hatua chache kutoka kisogoni kwake, kijiji kizima kimejaa uwanja wake, na yeye anageuza kipande, anakiweka sawa, anapiga.

Mzee Maganga alisogea mpaka nyuma yake. "Ngassa," akaita. Shoka likapanda. "Ngassa!" Likashuka. Mzee Maganga hakurudia tena. Alizunguka polepole, mbali na shoka, akaenda kusimama mbele ya baba, mahali pa kuonekana.

Baba akamwona. Halafu akawaona wengine wote. Akashusha shoka chini taratibu sana, akaangalia kichuguu, akaniona mimi juu yake.

"Tangu lini?" Mzee Maganga akauliza. Aliuliza kwa mdomo mpana, kila neno peke yake.

"Tangu homa," baba akasema.

Hakuna aliyecheka. Baba alisubiri, nilimwona anasubiri, anazungusha macho uso hadi uso kutafuta wa kwanza. Mzee Maganga akaokota vipande vya kuni vilivyopasuliwa, akajaza mikono, akavipeleka mlangoni kwa wanawake.

Mtoto alikuwa wa kike. Mama alitoka damu nyingi na alilala muda mrefu, wanawake wakapokezana kumlinda. Dume halikuchinjwa. Ngoma ilipewa malenga mwingine, kijana asiye na lolote, na baba akawa anakaa pembeni ya uwanja wa ngoma, viganja viwili vimelala ardhini. Wapo waliokuja kumcheka baadaye, kwa siri na hadharani, hilo alikuwa sahihi. Watu walijifunza kumpitia mbele.

Na mimi, baba hakunisemesha. Alinipa chakula, alinipa ngozi ya kulalia, hakunipa neno. Nilikuwa nikisimama mbele yake ili aone mdomo wangu, anageuza uso. Mvua zikaja, tukapanda, tukapalilia, bado.

Tulikuwa tunapalilia pamba, yeye mstari wake na mimi wangu, mwano ulipolia kutoka upande wa mtoni. Nikainuka. Nilipogeuka, baba tayari alikuwa ameona nimeinuka, amesimama wima, jembe mkononi, na ananitazama. Ananitazama machoni, si mdomoni. Nikanyoosha kidole mtoni.

Alinipita akikimbia, blanketi likamdondoka, hakuliokota. Alikuwa wa kwanza kufika.